Nyumba Hairithiwi Mara Mbili

Glenda Haigh alikwenda ofisi ya nyumba za kupanga za halmashauri kwa jambo dogo tu. Mama yake, Bi Hilda, miguu ilikuwa imemwisha nguvu na hakuweza tena kupanga foleni ya Jumatatu kulipa kodi. Glenda akaona bora jina lake liandikwe kwenye kitabu cha kodi, chini ya la mama, ili mambo yawe rahisi.

Karani alikuwa msichana mwenye kucha nyekundu. Alivuta kadi kutoka kwenye droo, akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

"Haiwezekani, mama."

"Haiwezekani nini? Naishi pale. Nilizaliwa pale."

"Sikatai. Lakini mpangaji wa kwanza alikuwa Bwana Walter Haigh. Alipofariki mwaka themanini na nne, nyumba ikaenda kwa mkewe. Basi. Hiyo ndiyo mara moja iliyoruhusiwa. Nyumba hairithiwi mara mbili."

Glenda alicheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa mzaha asioufahamu. "Kwa hiyo mama akifa?"

"Halmashauri inaweza kukutafutia chumba mahali."

"Mahali wapi?"

"Popote kitakapopatikana. Nimesema inaweza, mama. Sijaahidi."

Nyuma ya Glenda watu walianza kukohoa na kuvuta miguu. Karani aliinama karibu na tundu la kioo, akashusha sauti. "Sikiliza. Mama yako bado yu hai, na ana haki ya kuinunua. Wewe umeishi naye, jina lako linaweza kuingia pamoja na lake. Lakini mwombaji ni yeye, siyo wewe. Na aombe angali hai." Akasukuma fomu chini ya kioo.

Ilikuwa Septemba ya mwaka 1989. Glenda alikuwa na miaka hamsini na tatu. Alitembea hadi Barabara ya Quarry na ile fomu ndani ya koti, mkono ukiwa juu yake kama mtu anayeficha kidonda. Mji wa Askerby, huko Yorkshire, ulikuwa umefungiwa mgodi wake wa makaa ya mawe miaka minne iliyopita, na nusu ya wanaume aliopishana nao hawakuwa na pa kwenda mchana ule. Lakini kila mmoja wao alikuwa na mlango wake. Mpaka asubuhi hiyo Glenda alidhani na yeye anao.

Aliwahi kuondoka katika nyumba ile mara moja tu, akiwa na miaka ishirini na sita, kwenda kuolewa Leeds. Baada ya miaka miwili alirudi na sanduku lake na hakuna aliyemuuliza neno. Mama alimsogezea sahani ya viazi na nyama, baba akamwachia kiti cha karibu na moto. Tangu siku hiyo alipika chakula cha watoto jikoni shuleni, akirudi alimhudumia baba na mapafu yake yaliyojaa vumbi la mgodi, na baba alipokwisha akaanza kumhudumia mama na miguu yake. Miaka ilipita hivyo. Hakuwahi kuihesabu, kwa sababu hakuona sababu.

Bi Hilda alikuwa mezani akimenya viazi.

"Nini hicho?"

"Fomu, mama. Ya kununua nyumba."

Kisu kilisimama. "Nyumba ipi?"

"Hii. Mama, nisikilize kwanza..."

"Baba yako aliongoza kamati ya wapangaji miaka kumi na tisa," Bi Hilda alisema, bila kupandisha sauti. "Alisimama mlangoni pa ukumbi wa halmashauri kwenye mvua, na mapafu yale, kupinga karatasi hiyo hiyo. Na wewe unaniletea mezani, juu ya viazi vyangu."

"Baba amekufa, mama."

"Najua amekufa. Nilimwosha mimi."

Glenda alivuta kiti, akaketi, akamweleza yote: kadi, karani, chumba ambacho huenda kikapatikana na huenda kisipatikane. Mama yake alisikiliza huku ganda likianguka kwenye ndoo kwa mkanda mrefu usiokatika.

"Watakupa pahali," alisema mwishowe. "Sisi walitupa."

"Nyie mlikuwa vijana, mna mtoto tumboni! Mimi nani atanipa? Mwanamke mzima, peke yake? Watanitupa kwenye chumba kimoja mji nisioujua!"

"Nyumba hii ni ya zamu, Glenda. Sisi tumekaa zamu yetu. Baada yetu atakuja Pauline, mjukuu wa Jean, yule anayelala chumba kimoja na watoto wawili na ukuta unatoa ukungu. Baada yake atakuja mwingine. Ukiinunua, zamu imekufa. Mtu akinunua haachi tena."

"Na zamu yangu mimi iko wapi?"

"Umeishi humu miaka hamsini."

"Nimeishi zamu yako!" Glenda alisikia sauti yake ikigonga vigae vya jiko. "Zamu ya baba, na zamu yako. Nimewaosha, nimewalisha, nimewapandisha ngazi. Yangu haijaanza!"

Bi Hilda alichukua kiazi kingine. "Weka maji motoni," alisema.

Kwa majuma mengi hawakuzungumza ila ya lazima. Glenda aliiacha fomu kando ya birika la chai. Asubuhi akaikuta ndani ya ndoo, chini ya maganda. Akaenda kuchukua nyingine. Hiyo aliiweka ndani ya Biblia ya mama, na Jumapili akaikuta chini ya mto wake wa kulalia, imekunjwa vizuri mara nne. Alijaribu kubembeleza, akajaribu kununa, akajaribu kupika pai ya figo ambayo mama yake aliipenda kuliko chakula chochote. Bi Hilda alikula pai yote, akafuta mdomo, akasema, "Tamu. Jibu ni lile lile."

Habari zilivuka ua, kama habari zote. Jean Scaife, jirani wa mkono wa kushoto, alimsubiri Glenda kwenye kamba ya nguo.

"Nasikia unataka kuwa mwenye nyumba."

"Sitaki kuwa mwenye chochote, Jean. Nataka pa kulala."

"Na Pauline wangu? Yuko kwenye orodha ya kungojea nyumba mwaka wa nne. Kila mwezi nyumba zinanunuliwa, orodha haisogei. Mkizinunua zote, mjukuu wangu akalee wapi watoto, juu ya mti?"

"Ningekuwa na jibu ningekupa."

"Basi mama yako analo," Jean alisema, akabana shuka yake kwa nguvu na kuingia ndani.

Glenda alibaki na nguo mbichi mikononi. Kilichomuumiza ni kwamba hakumwona Jean kuwa na kosa. Alijua ukungu wa chumba kile. Alishawahi kukaa nacho kitoto cha Pauline kikikohoa. Lakini kila akijaribu kuwaza haki ya watu wengine, aliliona sanduku lake la Leeds, na jukwaa la kituo cha basi, na yeye amesimama hajui apande lipi.

Mwezi wa Novemba, Jumanne, alirudi kutoka shuleni akasikia maji yakitiririka. Bi Hilda alikuwa chini jikoni, kiatu kimoja kimemtoka mguuni, mdomo umepinda upande. Bomba lilikuwa wazi juu yake.

Hospitalini walisema ni kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa pamoja na mguu. Akili ipo, daktari alisema, anasikia na anaelewa mengi, ila maneno yamepotea njia. Neno moja tu lilisalia kinywani mwake.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana."

"Mama, ni mimi Glenda. Unanijua?"

"Hapana." Na huku mkono wa kushoto unamshika kidole na kukibana.

"Usihofu," nesi alimwambia. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo aliyeitwa Bridie Gilhooly, mwenye mazoea ya kuzungumza na wagonjwa kama wako sokoni. "Hiyo hapana ni ya kila kitu. Tazama. Bi Hilda, unataka chai?"

"Hapana," alisema Bi Hilda, akinyoosha mkono apokee kikombe.

Glenda alicheka mpaka akalazimika kutoka nje ya wodi. Kule koridoni kicheko kilimgeukia, akajishika ukutani.

Siku ya kumi daktari alimwita pembeni. Alitumia maneno ya upole, lakini maana yake ilikuwa moja: kiharusi cha pili kingekuja, na kisingechelewa. Glenda alirudi nyumbani, akajaza fomu ya tatu kwa herufi kubwa. Jina la mpangaji. Anuani. Kwenye sehemu ya wanafamilia wanaonunua pamoja akaandika jina lake mwenyewe. Ilibaki sahihi.

Alikwenda saa ya kutazama wagonjwa, akavuta pazia kuzunguka kitanda.

"Mama. Unajua hii ni nini."

Macho ya Bi Hilda yalishuka kwenye karatasi, yakapanda.

"Sina pengine, mama. Nimefikiri kila njia. Nikikosa hii, siku ile ile ya maziko yako nitaanza kufunga vitu. Nisamehe. Nakuomba."

Aliiweka kalamu katika mkono wa kushoto wa mama. Vidole havikuishika. Aliirudisha, ikaanguka juu ya blanketi. Mara ya tatu Glenda alifunika mkono ule kwa mkono wake, akaifunga kalamu ndani ya mikono yote miwili, akaandika. *H. Haigh.* Herufi zilipinda kama ua lililopigwa na upepo. Wakati wote aliusikiliza mkono wa mama yake, asikie kama unavuta nyuma au unasukuma mbele. Haukufanya hivi wala vile. Ulikuwa na joto, na mzito.

Alipofungua pazia, Bridie alikuwa amesimama pale na trei ya dawa. Nesi alitazama kalamu, akamtazama Glenda, kisha akaendelea na kitanda kinachofuata. Glenda aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, hata ile siku ya kurudi na sanduku.

Fomu ilitumwa kwa posta. Juma la pili barua ilikuja: sahihi haikulingana na zilizopo kwenye kumbukumbu. Afisa wa nyumba, Bwana Pickersgill, angefika wodini Alhamisi saa tisa kumhoji mpangaji kwa mdomo.

Kwa mdomo! Glenda aliisoma barua amesimama mlangoni, akaisoma ameketi ngazini. Mama yake angeulizwa kama anataka kununua nyumba, naye angejibu neno pekee alilokuwa nalo. Siku nne zilizobaki hakula kitu kikashuka. Shuleni aliunguza sufuria nzima ya kastadi, mpishi mkuu akamwambia aende nyumbani akalale. Hakulala. Alikaa na mama kila saa aliyoruhusiwa, akimfundisha kama mtoto. "Sema ndiyo, mama. Ndi-yo."

"Hapana," alisema Bi Hilda, jasho likimtoka kwa kujitahidi. "Hapana. Hapana!" Akampiga Glenda kofi dogo mkononi kwa hasira, na wote wawili wakalia.

Alhamisi Bwana Pickersgill alifika na mkoba na koti la mvua. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mafua, asiyependa hospitali. Alivuta kiti.

"Bi Haigh, mimi natoka ofisi ya nyumba. Sahihi hii ni yako?"

"Hapana."

Kalamu yake ilianza kuandika. Glenda alishika chuma cha kitanda. "Bwana, ni ugonjwa. Anasema hapana kwa kila kitu."

"Bi, naomba nimsikie mpangaji. Bi Haigh, je, unataka kuinunua nyumba yako pamoja na binti yako?"

"Hapana."

"Basi," alisema Bwana Pickersgill, akapiga chafya, "mimi sina la kufanya."

"Unalo," ilikuwa sauti ya Bridie kutoka kitanda cha pili. Alikuja akikausha mikono. "Muulize kama anaitwa Hilda."

"Samahani?"

"Muulize tu."

Bwana Pickersgill aliuliza, akajibiwa hapana. Aliuliza kama wako Yorkshire, akajibiwa hapana. Bridie alimpa Bi Hilda glasi ya maji. Alisema hapana, akanywa yote. Yule bwana alivua miwani, akaisugua muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Aliitoa ile fomu, akaiweka juu ya kifua cha Bi Hilda, chini ya mkono wake mzima.

"Bi Haigh, tuache maneno. Kama unataka ombi hili liendelee, nipe mimi karatasi hii. Kama hutaki, baki nayo. Au ichane. Nitakungoja."

Aliukinga mkono wake, kiganja juu.

Bi Hilda aliikamata karatasi. Macho yake yalimwacha afisa, yakaenda kwa Glenda, yakakaa hapo. Glenda alitaka kutazama pembeni, hakuweza. Aliona vidole vya mama vikiikunja karatasi kwenye kona, vikizidi kuikunja, akajua sasa ataichana. Mkono ukainuka. Ulikwenda polepole sana, ukilemewa na uzito wa karatasi moja, ukavuka blanketi, ukaiweka fomu katika kiganja cha Bwana Pickersgill.

"Hapana," alisema Bi Hilda. Machozi yalimwingia sikioni. "Hapana, hapana, hapana."

Bwana Pickersgill aliandika, akafunga mkoba, akaondoka. Glenda alipiga magoti na kuubusu mkono ule. Mama yake hakuuondoa, lakini aligeuza uso upande wa dirisha, na mpaka saa ya wageni kwisha hakuugeuza tena.

Kiharusi cha pili kilikuja Februari, bei ikiwa bado haijapangwa. Bi Hilda alizikwa pembeni mwa Walter. Siku ya sita baada ya maziko, barua ya halmashauri ilitua juu ya zulia la mlangoni: kwa kuwa mpangaji amefariki, ombi limekufa naye, mkaaji aliyebaki arudishe funguo katika muda wa majuma manne.

Mambo aliyoyafanya Glenda katika majuma yale aliyakumbuka baadaye vipande vipande tu. Alikwenda ofisini mara tano, akaambiwa maneno yale yale na makarani watatu tofauti. Alimwandikia diwani, hakujibiwa. Alitia sahani ndani ya maboksi, akazitoa, akazitia tena. Siku moja alijikuta ameketi ndani ya kabati la chumba cha mbele, kati ya makoti ya wazazi wake, na mlango ameufunga kwa ndani, na hakujua ameketi humo tangu lini.

Ni Bridie aliyemvuta kwa mkono hadi ukumbi wa wachimba migodi, ambako kila Jumamosi mwanasheria kijana kutoka Bradford, Nasreen Mirza, aliwasikiliza watu bure. Nasreen alizisoma karatasi zote huku akila tufaha. Katikati akaacha kutafuna.

"Jina lako hapa, kwenye wanaonunua pamoja. Liliandikwa lini?"

"Siku ile ile. Niliandika mimi."

"Na afisa aliipokea fomu hii mkononi mwa mama yako, jina lako likiwemo?"

"Ndiyo. Lakini alikuwa anasema hapana."

"Afisa ameandika kwamba aliitoa kwa hiari yake. Hilo linatosha." Aliweka tufaha chini. "Mama Glenda, haki hii haikuwa ya mama yako peke yake tangu siku hiyo. Ilikuwa yenu nyote wawili. Yeye amefariki, wewe hujafariki. Hawawezi kukutoa. Watabisha, lakini watashindwa."

"Una hakika?"

"Nina hakika ya sheria. Ya halmashauri, hakuna mwenye hakika nayo."

Walibisha mpaka Julai. Siku Glenda alipotia sahihi hati, karani mwenye kucha nyekundu alimpa mkono na kumwambia hongera. Alirudi Barabara ya Quarry, akafungua mlango kwa funguo zile zile. Alitegemea kusikia furaha, akasubiri kidogo kwenye ngazi. Alijiuliza ile hapana ya mwisho ilikuwa ya ugonjwa au ya Hilda Haigh mwenyewe. Alimuuliza Bridie siku moja. Bridie alisema, "Nimeuguza watu miaka thelathini, na sijui."

Pauline alipata ghorofa ya saba katika mji mwingine, mabasi mawili kutoka hapo. Jean Scaife hakumsalimia tena Glenda. Akimwona kwenye kamba ya nguo, alingoja ndani mpaka amalize. Glenda hakumlaumu.

Majira ya baridi yalipoingia, upepo uling'oa mfereji wa paa upande wa mbele, ukawa unaning'inia na kugonga dirisha. Glenda alipiga simu ofisi ya nyumba, akataja barabara na namba, akaeleza mfereji ulivyokaa. Upande wa pili karatasi zilifunuliwa.

"Lakini mama," sauti ilisema, "hiyo ni nyumba yako."

"Eh," alisema Glenda. "Samahani. Kweli."

Aliazima ngazi kwa mtu wa mwisho wa barabara, akatafuta waya kwenye sanduku la zana, akavaa koti. Alipanda kwa woga, mkono mmoja ukutani, akaufunga mfereji jinsi alivyoweza. Alishuka, akasogea hadi katikati ya barabara autazame. Ulikuwa umekaa upande. Akakunja mikono, akabaki amesimama pale na baridi, akingoja mvua inyeshe ajue kama utashika.